Kosa Lisilo na Mwenyewe: Kuhusu Vitabu Viwili vya Ishmael Beah

Kati ya vitabu vinavyohusu watoto waliotumikishwa vitani, ni vichache vilivyosomwa na watu wengi kama A Long Way Gone cha Ishmael Beah wa Sierra Leone, kilichochapishwa mwaka 2007. Mwandishi asimulia jinsi alivyopoteza jamaa zake, akaingizwa katika jeshi la serikali akiwa na umri wa miaka 13, akaleweshwa madawa na kufundishwa kuua, hata mwaka 1996 alipokabidhiwa kwa UNICEF. Mwaka 2008 gazeti moja la Australia lilitilia shaka tarehe zake, likidai kwamba alikaa vitani miezi tu wala si miaka. Mwenyewe alishikilia maneno yake. Shauri hilo halitatushughulisha hapa. Aliyeua kwa mwezi mmoja ana swali lile lile la aliyeua kwa miaka miwili.

Katika nyumba ya matunzo mjini Freetown, watumishi wanavumilia matusi na vipigo vya vijana hao, na kila mara wanawaambia kwamba hawana hatia. Vijana wanachukia kuambiwa hivyo. Yawezekana msomaji ataiona chuki hiyo kuwa ukaidi wa mgonjwa anayekataa dawa. Mimi naona ina akili ndani yake. Kumwambia mtu kwamba kosa si lake, naye hajaulizwa alitenda nini, ni kumwondolea mzigo pamoja na utu wake. Muuguzi Esther naye anayasema maneno yale yale. Lakini kwake hatimaye yanapokelewa, kwa sababu anayatamka baada ya kuisikia habari yenyewe. Hapo yanakaribia kuwa ondoleo. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 12, laweka hofu ya dhamiri na imani pamoja kuwa ndiyo toba, na matunda yake yafuata baadaye. Esther hakusoma kifungu hicho kwa ajili ya kazi yake, ila utaratibu wake ndio huo.

Sehemu iliyo dhaifu ni ya kurudi nyumbani. Beah anapokelewa Freetown na jamaa yake, fundi seremala, kwa upendo usio na shaka. Lakini mzee huyo na mkewe wanawaficha watoto wao habari za vita vya kijana. Siri hii mwandishi anaipita kwa haraka mno. Amekaribishwa nani mezani, ikiwa walaji wenzake hawamjui? Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wamewapokea wengi waliotoka kwa Joseph Kony kwa kuwakanyagisha yai mbele ya ukoo, kabla ya kuingia nyumbani. Tendo hilo halifuti deni la damu. Kwa deni hilo iko mato oput, ambapo kosa hutajwa na fidia hulipwa. Lakini hakuna anayeingia mlangoni akijifanya ametoka safari ya kawaida. Katika kitabu cha Beah hatumwoni hata mmoja wa wale aliowadhuru.

Pengo hilo amelijaribu katika riwaya yake ya mwaka 2014, Radiance of Tomorrow. Kijana Ernest aliwakata mikono Sila na watoto wake. Sasa anaishi karibu nao na kuwatumikia. Mlutheri atashtuka: je, huku si kununua msamaha kwa matendo? Sidhani. Ernest hapati hesabu ya kufunga. Anafanya kazi za mikono ile aliyoikata, naye Sila ndiye mwenye kuamua kama atavumilia kumtazama. Kurasa hizo zina uzito kuliko hotuba nyingi za upatanisho. Ni bahati mbaya kwamba kampuni ya migodi inapoingia kijijini riwaya inageukia vita vingine, na Ernest anafifia.

Vitabu vyote viwili vina upungufu mmoja: msichana mpiganaji. Sierra Leone ilipowapokonya silaha watoto 6,845, wasichana walikuwa kama 8 tu kwa mia. Wengi walikuwa wamefanywa wake na wapishi wa wapiganaji, hawakuwa na bunduki ya kukabidhi, wakarudi kimya na watoto mgongoni.

Kwa wanafunzi wa uchungaji ningeshauri kitabu cha kwanza kisomwe kuanzia nyumbani kwa yule seremala, ndipo warudi kwa Esther.