Daftari Lililo Ugenini

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, msomaji, daftari likiwa mikononi mwa mdaiwa, mwenye haki atadai kwa ushahidi gani? Yafaa uwe na swali hili unaposoma Imperial Reckoning, kitabu cha Caroline Elkins kilichotolewa mwaka 2005.

Kitabu hiki chaeleza habari za kambi ambamo Waingereza waliwafunga Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, katika miaka ya 1950. Mwandishi aliona kuwa majalada mengi hayapo, akaenda vijijini kuwasikiliza wazee walionusurika. Hiyo ndiyo sifa yake kuu. Wako wataalamu waliomlaumu kwa kutegemea mno masimulizi. Na idadi ya waliopotea aliyoikisia ilipingwa, wala si bila sababu. Hesabu hutaka ithibati, na huruma haiwezi kushika mahali pake.

Lakini ithibati ilikuwa wapi? Mwaka 2011, wazee wa Kenya walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali hiyo ilikiri kuwa na majalada yaliyohamishwa kwa siri wakati wa uhuru, mwaka 1963, yakafichwa Hanslope Park. Kenya iliyaomba mwaka 1967, ikanyimwa. Mengine yalikuwa yamekwisha kuchomwa moto. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza majuto yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Basi waliowalaumu wazee kwa kukosa karatasi walisahau kuuliza ni nani aliyezifungia. Hata hivyo, usiiabudu karatasi. Jalada nalo liliandikwa na mtu: afisa aliyetaka kumridhisha mkubwa wake, aliyetaja baadhi ya mambo na kuyanyamazia mengine. Mzee husahau, afisa huficha. Msomaji mwenye busara huwasikiliza wote wawili, kisha hupima.

Kupima huko ndiko tulikonyimwa. Majalada hayo yamefunguliwa, lakini yamewekwa Kew, mjini London, mbali na mjukuu wa aliyeandikwa humo. Wazee nao wanatutoka mmoja mmoja. Nakala hutufaa, lakini daftari halisi mahali pake ni Nairobi. Likirudi, utaweza kumhukumu Elkins, na mzee, na afisa, kwa macho yako mwenyewe. Na hukumu ya namna hiyo ndiyo elimu.