Greg Maddux na Pembe za Kibao

Kati ya mrushaji wa besiboli na mpigaji kuna mita 18.44. Mpira ukitoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, nusu sekunde haiishi kabla haujafika. Muda huo haumtoshi binadamu kuona, kupima, kisha kuzungusha kigongo, kwa hiyo mpigaji hukisia. Warushaji wengi huzidi kumpunja muda huo kwa nguvu za mabega. Greg Maddux, aliyecheza ligi kuu ya Marekani tangu 1986 hadi 2008, aliuacha muda ulivyo, akayavuruga makisio.

Kwa umbo usingemdhania. Alikuwa na urefu wa mita 1.83 na mwili wa kawaida, na mpira wake wa kasi ulikwenda kama kilomita 140 kwa saa, mwendo ambao wengi katika ligi hiyo waliuzidi. Wenzake walimwita Profesa.

Ufundi wake unaanzia chini, kwenye kibao cheupe kilicholala kando ya mpigaji, chenye upana wa sentimita 43. Mpira unaopita juu ya kibao hicho, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ni halali. Asipoupiga anahesabiwa kosa, na makosa matatu yanamtoa. Ukipita nje naye akauacha, deni ni la mrushaji, na mipira minne ya namna hiyo inampa mpigaji ruhusa ya kutembea bure hadi kituo cha kwanza. Katikati ya kibao ndiko wapigaji wanakoshibia. Maddux aliishi kwenye pembe zake, na mara nyingi mdakaji wake, anayechuchumaa nyuma ya kibao, hakuhitaji hata kuusogeza mkono wenye glavu. Alipoutega, mpira uliufuata hapo hapo.

Lakini shabaha peke yake haitoshi. Mpira wa besiboli una mishono 108 ya uzi mwekundu, na namna vidole vinavyoishika mishono hiyo ndiyo inayoamua mpira utazungukaje na hewa itausukuma wapi. Maddux aliweza kuurusha mpira ukaelekea nyongani kwa mpigaji wa mkono wa kushoto. Mpigaji anaona unamjia mwilini, anarudi nyuma kujiokoa, na papo hapo mpira unapinda na kukata pembe ya kibao. Mwamuzi anatangaza kosa la tatu, na mpigaji bado amejikunyata. Nimeutazama mpira huo kwenye picha za video mara nyingi, na kila mara namsikitikia mpigaji, maana hakukosea kitu. Macho yake yalimwambia kweli mpaka hatua za mwisho kabisa.

Kisha kuna ule wa polepole. Mkono unakuja kwa mwendo ule ule, kiwiko mahali pale pale, ila mpira umekaa ndani zaidi ya kiganja na unachelewa kufika. Maddux aliwahi kueleza kwamba mtu hawezi kupima vizuri mwendo wa kitu kinachomjia moja kwa moja, hivyo kazi ya mrushaji ni kuifanya mipira yake yote ifanane kwa kadiri kubwa ya safari. Ndiyo maana wapigaji hodari walionekana wakizungusha kigongo mapema, wakiukosa mpira ambao kijana wa shule angeweza kuurusha kwa kasi hiyo.

Alianza kufundishwa haya akiwa kijana Las Vegas, na mzee Ralph Medar, mstaafu aliyewahi kusaka vipaji, aliyemsisitizia kwamba mpira unaocheza ni bora kuliko mpira unaokimbia. Kulikubali somo hilo ukiwa na miaka kumi na kitu, umri ambao kila mvulana anataka kuonyesha nguvu, si jambo dogo. Wala matunda hayakuja mara moja. Mwaka 1987, akiwa na Chicago Cubs, alishinda michezo 6 na kupoteza 14. Mwaka uliofuata alishinda 18.

Mafunzo mengine aliyalipia hadharani. Katika mchujo wa 1989, Will Clark wa San Francisco alimpiga mpira ulioingiza mikimbio minne, yaani alama nne, kwa mkupuo. Clark amesimulia kwamba aliusoma mdomo wa Maddux alipokuwa akizungumza, akajua kinachokuja. Baada ya hapo Maddux aliongea akiwa ameuziba mdomo kwa glavu.

Kilele chake kinajulikana: tuzo nne mfululizo za Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi, 1992 hadi 1995, ya kwanza akiwa na Cubs na tatu akiwa na Atlanta Braves. Mwaka 1994, warushaji wa ligi yake waliporuhusu kwa wastani zaidi ya mikimbio 4 kwa kila zamu tisa, yaani mchezo mzima, yeye aliruhusu 1.56. Mwaka uliofuata ikawa 1.63, na Atlanta wakatwaa ubingwa. Mimi lakini navutwa zaidi na mchezo mmoja wa Julai 1997 dhidi ya Cubs, ambao aliumaliza peke yake, zamu zote tisa, bila kufikisha mipira 80. Mrushaji wa kawaida hutumia mipira mingi kuliko hiyo kabla hata ya zamu ya sita kuisha. Maddux alitaka mpira upigwe, ila upigwe vibaya, uviringike polepole hadi kwa wenzake, au kwake mwenyewe. Alikuwa mwepesi wa kudaka, na tuzo zake 18 za Gold Glove ni rekodi ambayo mchezaji wa nafasi yoyote hajaifikia.

Alistaafu akiwa na Los Angeles Dodgers, umri wa miaka 42, na ushindi 355. Hesabu ninayoistahi kuliko hiyo ni ya waliotembea bure: 999 katika misimu 23 na zamu zaidi ya 5,000. Zaidi ya 170 kati ya hao aliwaachia njia makusudi, kwa mbinu ya timu. Msimu wa 1997 wote, ndani ya zamu 232, waliotembea walikuwa 20, na sita kati yao ni kwa mbinu hiyo hiyo. Wanabaki kumi na wanne, tangu masika hadi vuli.