Mwana Kupona na Kizingiti cha Maisha

Katika hazina ya ushairi wa Kiswahili ni chache tenzi zilizosifiwa na kulaumiwa kwa pamoja kama utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa katika kisiwa cha Pate mwaka 1858. Wausifuo huona ndani yake adabu ya mwanamke kamili. Waulaumuo huona minyororo ya mke. Pande zote mbili huusoma kama hati ya amri. Nia yangu ni kuonyesha kuwa utenzi huu ni kitu kingine: ni unyago uliotiwa katika maandishi.

Tutazame kwanza hali ya mtungaji. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana na enzi ya Unguja, alikwisha kufariki mwaka 1856. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na haukupita muda mrefu akamfuata. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa angali kijana. Mama alitambua kuwa hatakuwapo kumwongoza katika maisha yaliyo mbele yake. Basi akamwita aje karibu, aketi, ashike wino na karatasi.

Mwaka 1909 mtaalamu Arnold van Gennep alieleza kuwa mila za kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine huwa na sehemu tatu: kutengwa, kukaa kizingitini, na kupokelewa. Waswahili hawakungoja kitabu hicho ili wajue jambo lenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwisha kuandika habari za jando na unyago katika Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903. Na lugha yetu yasema tangu zamani kuwa mwali huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa.

Sehemu hizo tatu zimo katika utenzi. Kumwita binti akae karibu ni kumtenga na shughuli zake. Mafunzo ya dini, ya ulimi mwema na ya ndoa ni kufundwa kwake. Kisha mama humkabidhi kwa Mungu katika dua ndefu, na mwishoni huwaita wanawake wote wausome utenzi ule. Hapo ndipo mwali anapotolewa: huingizwa katika jamii ya wanawake, wasomaji wa maneno yale yale. Hata pale mama anapokumbuka raha aliyoishi na mumewe, hajisifu. Afanya kazi ya somo, ambaye hafundi ila njia aliyoipita mwenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kike aliniuliza darasani, "Mwalimu, mimi nitafundwaje na mtu anayeniambia kuwa radhi ya mume ndiyo mlango wa peponi?" Swali hili ni la haki, na sitalifunika. Utenzi huu ni wa mwanamke wa daraja la juu katika mji wenye watumwa. Wamwonya binti asizoeane nao ila kwa ajili ya kazi. Mafunzo hayo hatuwezi kuyapokea. Lakini chombo ni kimoja na kinywaji ni kingine. Shaaban Robert alipomwandikia binti yake Utenzi wa Hati alitumia chombo hicho hicho katika zama nyingine. Kilichodumu ni hili: mzazi amekaa na mtoto kizingitini, akamwambia ajualo.

Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi wa leo. Kijana wa chuo huvaa joho, hupigwa picha, hutolewa mbele ya watu. Lakini ni nani aliyemfunda namna ya kuishi na mshahara wa kwanza, au na miaka ya kukosa kazi? Mstaafu hupewa zawadi na hotuba, na asubuhi yake huamka asijue yeye ni nani tena. Bibi arusi wa mjini hufanyiwa kicheni pati: sufuria ni nyingi, muziki ni mkubwa, na mafunzo hubanwa katika jioni moja. Siidharau sherehe hiyo, maana walau yakiri kuwa pana kizingiti. Ila tumehifadhi kutolewa, tukapunguza kufundwa.

Wengine watasema kuwa mila hizi zilikuwa na wembe, na heri zife. Kwa wembe uliowakata wasichana nasema nao: heri ufe. Lakini wembe si mila nzima. Huko Tharaka, nchini Kenya, mwaka 1996 zilianza sherehe za Ntanira na Mugambo, yaani kutahiriwa kwa maneno: wasichana walitengwa, wakafundishwa, wakapokelewa na jamaa zao kwa shangwe, pasipo kukatwa. Kisu kiliondolewa na kivuko kikabaki.

Mwana Kupona alikuwa na wino, karatasi na siku chache. Kwa hivyo vitatu alimvusha binti yake. Sisi tuna vyuo, mitambo na kumbi za sherehe. Mwanafunzi yule nilimjibu kuwa asiutii utenzi huu, bali autungie mwenziwe, na kwamba kwanza atafute mtu wa kuketi naye. Kwa maana maneno peke yake hayamvushi mtu. Humvusha yule ayasemaye huku amemshika mkono.