Nesitu: Namba Imefutwa, Ulaji Uko Palepale

Mmeiona wote ile video ya Nesitu, ya fundi anayetibu Probox ya gesi ya LPG inayokula kupita kiasi, kwa hiyo sitaisimulia tangu mwanzo. Mmenitumia kwa wingi, tena na alama za makofi, eti hatimaye barabara ya Juba hadi Nimule imepata fundi anayejua gesi. Kujua anajua. Ana mkono mwepesi, ana kompyuta mpakato aliyoizungushia raba ya tairi isipasuke, ana subira ya kumjibu dereva kila swali. Halafu dakika ya 7 anaharibu, na kinachoniuma ni kwamba anaharibu huku watu wakishangilia.

Kazi yake ya kabla ya hapo ni safi: upepo wa matairi, ea klina, plagi nne zimepangwa juu ya gunia, povu la sabuni kwenye kila ungio kuanzia mtungini hadi kwenye ridyusa, mkono juu ya mpira wa rejeta, na akauliza habari ya mzigo. Mzigo ni uleule wa kila safari. Tuendelee.

Rudisheni video dakika ya 7. Probox ya injini ya 1NZ, injekta nne za gesi, kila silinda na yake. Boneti liko juu, injini iko sailensa, swichi ya gesi chini ya usukani inawaka taa moja ya kijani, maana yake mtungini kumebaki kidogo. Skana ya simu inaonyesha trimu ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza, +18. Fundi anamgeuzia dereva skrini: "Unaona? Gesi inaingia kidogo, kaka. Kompyuta inaomba iongezewe." Anafungua ramani ya gesi, anachagua mstari mzima wa vizidisho uliokuwa 1.25 na kuuburuta juu. Skana inashuka: 12, 7, 3, sufuri. Mstari umesimama 1.47 na ushei. "Imekubali," anasema, na nyuma ya kamera mtu anapiga mluzi.

Imekubali nini?

Chukua karatasi. Tuseme kompyuta ya Toyota imekokotoa kwamba silinda inahitaji milisekunde 3.4 za petroli. Sensa ya oksijeni inalalamika kwamba mchanganyiko ni mkavu, kompyuta inaongeza asilimia 18, zinakuwa 4.0. Kompyuta ya gesi inaipokea hiyo 4.0, inaizidisha kwa 1.25, na injekta ya gesi inafunguka milisekunde 5.0. Hivyo ndivyo gari lilivyoingia gereji. Sasa fundi amepandisha kizidisho hadi 1.475. Sensa inaona mchanganyiko umenona, kompyuta inapunguza, inapunguza, mpaka inarudi kwenye 3.4 yake ya awali na trimu inasoma sufuri. Zidisha 3.4 kwa 1.475. Ni 5.0 ileile. (Najua injekta huchelewa kidogo kufunguka, nimeliacha hilo ili hesabu isomeke, msiniandikie barua.)

Kwa hiyo gesi inayoingia kwenye injini baada ya matibabu ni ileile iliyokuwa ikiingia kabla ya matibabu. Maadamu kompyuta inamsikiliza sensa, kiasi cha gesi kinaamuliwa na sensa, na ramani inaamua tu kompyuta itahangaika kiasi gani kukifikia kiasi hicho. Ukiona +18 ukaikimbilia ramani, umefanya kama mtu aliyeona kipimajoto kinasoma homa akakichovya kwenye maji baridi. Namba imeshuka, mgonjwa bado anatetemeka.

Na jibu alikuwa nalo masikioni. Dakika ya 2 dereva anasema, tena bila kuulizwa mara mbili: zamani kwa petroli lilikuwa linakwenda kilomita 14 kwa lita, safari hii ya kutoka Gulu halijavuka 11 na nusu. Kwa gesi alikuwa anapata 11 akiwa Nairobi, sasa 9. Pigeni hesabu. Kutoka 14 kuja 11.5 ni pungufu ya asilimia 18 hivi. Kutoka 11 kuja 9 ni asilimia 18 hivi. Mafuta mawili tofauti, yanayopita kwenye mabomba tofauti na injekta tofauti, yameongeza ulaji kwa kipimo kilekile. Ugonjwa hauwezi kuwa kwenye gesi. Uko mahali ambapo petroli na gesi zinakutana: hewa inayoingia, moshi unaotoka, sensa, joto la injini, breki zinazokwaruza. Dereva alimpa fundi nusu ya kazi bure, fundi akaitikia "ehee" na kuendelea kufungua kompyuta.

Swichi ile ya taa ya kijani ilikuwa sentimita chache kutoka goti lake. Bonyeza, rudi kwenye petroli, subiri dakika chache, soma trimu. Ikishuka karibu na sufuri, basi kweli ramani ya gesi ni kavu, buruta mstari wako na mimi nitakupigia makofi. Ikibaki +18, funga kompyuta mpakato uirudishe kwenye raba yake. Halafu panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika usome tena. Trimu ikiwa kubwa kwenye sailensa na ikashuka ukikanyaga, kuna hewa inapenya mahali isipotakiwa. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, kuna njaa ya mafuta: chujio, pampu, ridyusa iliyochoka. Ni namba nne tu: petroli sailensa, petroli 2,500, gesi sailensa, gesi 2,500. Video nzima ya dakika 11 ina namba moja.

Sina gari lile mbele yangu, kwa hiyo sitaapa. Lakini wekeni vipokea sauti masikioni, msikilize sekunde za mwanzo injini inapowashwa ikiwa baridi. Kuna tik-tik-tik ya haraka upande wa manifoldi ya ekzosi, na injini inapopata joto sauti inafifia. Walionizunguka wanasema ni valvu. Mimi nasema ni gasketi ya ekzosi inayopumua, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa wake, na tik-tik hunyamaza. Ufa ukiwa kabla ya sensa, kati ya pigo moja la moshi na jingine hunyonya hewa ya nje. Sensa haijui petroli wala gesi, inajua oksijeni tu. Ikiona oksijeni ya nje inaapa kwamba mchanganyiko ni mkavu, na kompyuta, mtumishi mtiifu, inaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika na hayafanyi kazi. Ndiyo hiyo kiu.

Mzee wangu wa Grogan, Nairobi, aliyenifundisha kazi nikiwa mtoto wa spana, angemaliza suala hili kwa tambara. Alikuwa na tambara moja nene la jinzi, analilowesha maji, anaziba nalo bomba la nyuma la Peugeot 504 injini ikiwa sailensa, na kutuamuru tunyamaze. Moshi ukikosa njia hutafuta ufa, na ufa hupiga filimbi. Hakuwa na skana. Alikuwa na sheria moja: hugusi skrubu ya kabureta mpaka umethibitisha kwamba kosa ni la kabureta. Nimemwona akimfukuza kijana kwa kukaza skrubu nusu mzunguko kabla ya ruhusa. Na Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda mbio za magari za Safari 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Kizazi kile kililisikiliza gari kwanza. Leo tuna vyombo vinavyosoma mpaka milisekunde, na hatusikii tik-tik.

Mtaniambia: sawa, hakutibu, lakini hakudhuru. Amedhuru. Kama trimu ya petroli nayo ilikuwa +18, basi kabla ya kuburuta ule mstari petroli na gesi zilikuwa zimekosea kwa pamoja, na injini ilikuwa inahama kutoka moja kwenda nyingine bila kushtuka. Sasa kwenye gesi kompyuta inajifunza sufuri, na kwenye petroli itajifunza +18 tena. Kila asubuhi gari litawaka kwa petroli, likipata joto litahamia gesi, na kila kuhama kutakuwa na mshtuko mpaka kompyuta ijifunze upya. Na siku fundi mwingine, Juba au Nimule, atakapobadilisha ile gasketi kwa haki, trimu ya gesi itaanguka hadi kama -15, na atatafuta ugonjwa mpya ambao haupo. Fundi wa Nesitu amefuta ushahidi.

Sasa niwaambie wale wa "hewa ya Juba". Nimesoma hoja zenu: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Juba iko 550 hivi, hewa ni nzito zaidi huku chini, kwa hiyo ramani iliyotengenezwa Nairobi lazima iwe kavu. Toyota ile inapima hewa inayoingia kila sekunde na kupanga petroli kulingana nayo, na kompyuta ya gesi inafuata petroli. Mwinuko umeshahesabiwa kabla gesi haijasikia habari zake. Afadhali mngelaumu ule mkanganyiko wa Nimule, ambako ukivuka tu kutoka Uganda unahamia mkono wa kulia wa barabara.

Na thamostati, maana nimetaja joto la injini. Mimi na thamostati tuna historia, msinizuie. Kutoka Mombasa hadi Juba kuna mafundi walioamua kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati, wanaing'oa na kuitupa kana kwamba ni kokwa la embe. Gari la petroli litavumilia kwa kula zaidi. Gari la gesi halivumilii: ridyusa inapashwa joto na maji ya injini, na mfumo unasubiri maji yafike nyuzi 40 hivi kabla ya kuhamia gesi. Ukitoa thamostati, safari fupi zote unakwenda kwa petroli huku ukijidanganya kwamba unatumia gesi, na kompyuta, ikidhani injini bado baridi, inanenepesha mchanganyiko. Fundi wa Nesitu alipogusa mpira wa rejeta nilitaka kumkumbatia.



Jambo moja la haki kwa gesi, kwa sababu kuna wanaodai kwamba nina chuki nayo. Lita ya LPG ina nishati pungufu ya petroli kwa karibu robo. Dereva aliyekuwa anapata 14 kwa petroli na 11 kwa gesi hakuwa na tatizo lolote. Hiyo ndiyo hesabu ya afya. Wanaokimbilia gereji kwa sababu lita haikufika kama lita wanapoteza hela zao. Na msipime ulaji kwa kuhesabu taa za kijani. Mtungi unajazwa asilimia 80 tu kwa usalama, na boya lake la kupimia hudanganya barabara ikiinama. Jaza, endesha, jaza tena pampu ileile, gawanya. Ndugu zangu wa Dar es Salaam, yenu ni CNG na mnanunua kwa kilo, hesabu ya kujaza ni nyingine, ila trimu inasomwa vilevile.

Kwa nini nimetumia ukurasa mzima kwa kidole kimoja kisichobonyeza swichi? Kwa sababu ya mahali. Sudan Kusini inachimba mafuta ghafi na kuyasukuma kwa bomba hadi Port Sudan, lakini petroli ya Juba inakuja kwa malori kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,500, na kilomita 192 za mwisho ndizo hizo za lami ya Nimule. Dereva anayeweka taa moja ya gesi kama akiba ya siku ya foleni ya petroli ana sababu zake. Asilimia 18 kwake ni chakula cha nyumbani. Alilipa, akashukuru, akaondoka na asilimia 18 yake ikiwa kamili.

Kijana wa Nesitu, kama unasoma: mkono wako mzuri, nimesema na narudia. Mwite yule dereva arudi. Rudisha kizidisho kwenye 1.25, zima gari usiku kucha, asubuhi liwashe likiwa baridi na uzibe bomba la nyuma kwa tambara bichi. Gasketi ya ekzosi ya 1NZ inapatikana.

Na ninyi wengine mnaonitumia maswali ya "gari langu la gesi linakula": namba nne, petroli na gesi, sailensa na 2,500, injini ikiwa na joto. Swali lisilo na namba nne silijibu.