Jiwe la Isaac Rosenberg

Mawe ya makaburi ya askari wa Uingereza waliokufa katika Vita Kuu ya 1914–1918 yana arudhi yake. Kamisheni ya makaburi iliundwa mwaka 1917, na mwaka uliofuata mshauri wake Frederic Kenyon akapendekeza umbo moja kwa wote, tajiri na fukara, ofisa na askari wa kawaida. Kimo ni sentimita 81, upana 38, na ukingo wa juu umepinda kidogo. Nembo ya kikosi hutangulia, zikafuata namba, cheo, jina na tarehe. Chini yake alama ya dini. Mwisho kabisa maneno ya familia, yasiyozidi herufi 66. Aliyelelewa na vina na mizani anajua kwamba mahali penye ubano kama huo kila neno hupimwa.

Mmoja wa waliopewa jiwe la umbo hilo ni Isaac Rosenberg, mtoto wa Wayahudi wa Kilithuania waliohamia Uingereza. Alikulia mashariki mwa London, akasomea uchoraji katika chuo cha Slade. Vita hakuipenda, lakini alijiandikisha mwaka 1915, na sehemu ya posho yake ikawa ya mama yake. Aliuawa karibu na Arras tarehe 1 Aprili 1918.

Jiwe lake liko Ufaransa, katika makaburi ya Bailleul Road East. Nembo ya kikosi chake ni simba wa mfalme, na chini yake imechongwa nyota ya Daudi. Kwa mpangilio, jeshi limetangulia dini. Kwa macho, mambo ni kinyume: katikati ya safu za misalaba nyota ndiyo inayomsimamisha mpita njia.

Pana pia maneno yanayosema kwamba amezikwa karibu na hapo. Mwaka 1926 mabaki yaliyodhaniwa kuwa yake na ya wenzake yalihamishiwa kwenye makaburi hayo bila kujulikana yupi ni yupi. Namba, cheo na tarehe vinasema kwa uhakika wa daftari la serikali. Mstari huu mmoja unakiri kwamba daftari limeshindwa. Naustahi ukweli wake. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuupita bila uchungu, kwa kuwa maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hiyohiyo hawakuchongewa majina yao popote, na Kamisheni yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2021. Kama jiwe liliweza kusimama pasipo hakika ya mifupa, basi kukosekana kwa mifupa si udhuru wa kuwanyima majina.

Chini kabisa imeandikwa kwamba alikuwa msanii na mshairi. Basi. Chini ya robo ya herufi zilizoruhusiwa, hakuna kitenzi, hakuna Mungu wala nchi. Jiwe zima linamtaja kwa kazi aliyopewa na jeshi. Mstari huu unamtaja kwa kazi aliyojichagulia, nao ndio wa mwisho kusomwa.

Turudi kwenye nyota. Kwenye mawe mengi ya Wayahudi wa vita hiyo, huambatana na herufi tano za Kiebrania. Ni ufupisho wa dua ya kuomba nafsi ya marehemu ifungwe pamoja na walio hai, na chimbuko lake ni 1 Samweli 25. Pale maneno hayo hayasemwi kaburini. Abigaili anamwambia hayo Daudi, mtu aliye hai, mwenye upanga kiunoni, aliye njiani kwenda kuiangamiza nyumba ya Nabali, mume wa Abigaili. Amemletea mikate na zabibu kavu, anamsihi asijitie hatiani kwa damu. Desturi ya mazishi imeyachukua maneno hayo karne nyingi kabla ya Kamisheni, lakini juu ya kaburi la askari yanapata ukali mpya. Jiwe lililogharimiwa na dola, chini ya nembo ya kikosi, linabeba ombi la mwanamke aliyemzuia mpiganaji asiue, na Daudi aliyeombwa ndiye mwenye nyota.