Akdi Isiyo na Kadhi: Kukisoma Tena Kitabu cha Ghannouchi Baada ya Yaliyoikuta Tunisia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, vitabu vinavyoeleza utawala wa Kiislamu ni vingi, lakini ni waandishi wachache waliopata nafasi ya kuyatekeleza waliyoyaandika. Mmoja wao ni Sheikh Rashid Ghannouchi wa Tunisia. Kitabu chake, Al-Hurriyyat al-Amma fi al-Dawla al-Islamiyya, yaani Uhuru wa Umma katika Dola ya Kiislamu, kilichapishwa Beirut mwaka 1993, mwenyewe akiwa uhamishoni Uingereza. Mwaka 2011, baada ya kuanguka kwa Ben Ali, alirejea kwao, na chama chake cha Ennahda kikapata viti 89 kati ya 217 katika Bunge la Katiba. Mwaka 2019 akawa Spika. Julai 25, 2021, Rais Kais Saied alilisimamisha Bunge hilo, na Aprili 2023 Sheikh alikamatwa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Kuna wanaosema kuwa yaliyotokea ni dalili kwamba kura haina nafasi katika Uislamu. Wengine wanasema ni dalili kwamba Waislamu hawawezi kujitawala kwa kushauriana. Makundi yote mawili yamefanya haraka. Tukirudi kwenye kitabu chenyewe na kukipima kwa mizani ya fiqhi, tutaona kasoro ilipo.

Hoja ya kitabu

Msingi wa kitabu ni kwamba uongozi ni akdi baina ya umma na mtawala. Umma ndio unaompa mamlaka kwa baia, unamsimamia, na una haki ya kumwondoa akivunja masharti. Pande zote mbili zipo chini ya Sharia. Uchaguzi, bunge na vyama kwake ni nyenzo tu za kutekeleza amri ya kushauriana iliyomo katika Suratul-Shuura aya ya 38. Hoja hii ni nzito, na imewajibu vizuri wale wanaodhani kuwa utii kwa mtawala hauna mpaka.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fiqhi akisikia neno akdi, huuliza masuala mawili. La kwanza, wenye akdi wakihitilafiana, nani atawahukumu? La pili, je, kinachoahidiwa kimo katika uwezo wa anayeahidi?

Suala la kwanza: kadhi

Maulamaa wa zamani walilijua suala hili. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), aliweka mlango mzima katika Al-Ahkam al-Sultaniyya kuhusu Diwani ya Mazalim, mahali ambapo raia humshitaki mwenye madaraka.

Katiba ya Tunisia ya 2014 ilipitishwa kwa kura 200, na 12 tu zikaipinga. Iliamuru iundwe Mahakama ya Katiba yenye wajumbe 12 ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa Bunge. Wanne kati yao walitakiwa kuchaguliwa na Bunge kwa theluthi mbili ya kura. Hadi mwaka 2021 Bunge lilikuwa limekubaliana juu ya mjumbe mmoja tu, kwa sababu kila chama kilitaka mtu wake. Aprili 2021 Bunge lilipotaka kulegeza sharti hilo, Rais alikataa kutia saini. Miezi mitatu baadaye alitumia kifungu cha 80 cha Katiba, kifungu ambacho kinaitaja Mahakama hiyo kuwa ndiyo ya kuamua kama hali ya dharura inaendelea. Mahakama haikuwepo. Upande mmoja ukaivunja akdi, na upande wa pili haukuwa na pa kushitaki.

Ennahda haikuwa peke yake katika kosa hili. Lakini ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa katika miaka yote hiyo, na kiongozi wake ndiye aliyeandika kwamba umma una haki ya kumhesabu mtawala. Haki isiyokuwa na pa kudaiwa hubaki maneno.

Suala la pili: uwezo wa kukabidhi

Katika fiqhi ya biashara, mtu hauzi asichokuwa nacho wala asichoweza kukikabidhi. Mtume (s.a.w.) alimkataza hilo Hakim bin Hizam (r.a.). Watunisia waliotoka barabarani mwishoni mwa 2010 walidai kazi na heshima, na kila serikali iliyofuata iliahidi kazi. Lakini bajeti ilitegemea mikopo, ikiwemo ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya 2013 na 2016, yenye masharti juu ya mishahara na ruzuku. Utalii ulianguka baada ya mashambulizi ya Bardo na Sousse mwaka 2015. Mwananchi alipiga kura Tunis, na masharti yakaandikwa Washington. Alipoona ahadi hazitimii, alimchoka aliyeahidi, na wengi wakashangilia Bunge lilipofungwa.

Historia ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Tunisia ilipata katiba mwaka 1861. Mwaka 1864 kodi ya kichwa iliongezwa maradufu, watu wakaasi, na katiba ikasimamishwa. Mwaka 1869 tume ya Waingereza, Wafaransa na Wataliano iliwekwa kusimamia fedha za nchi kwa sababu ya madeni, na mwaka 1881 Ufaransa ikaingia na majeshi. Kitabu cha Ghannouchi kimeelekeza nguvu zake kwa dhalimu wa ndani. Mdai wa nje hakupewa uzito unaomstahiki.

Je, shura imeshindwa?

Hapana. Kabla ya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliona ni bora kubaki Madina, lakini wengi walitaka kutoka, naye akatoka. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi. Baada ya msiba huo ndipo ilipoteremka aya ya 159 ya Suratu Aali Imraan, ikimwamuru awasamehe na aendelee kushauriana nao. Kushindwa mara moja hakukuifuta shura.

Basi maimamu na wanafunzi wakisome kitabu hiki, kwani bado kina faida kubwa, lakini wakisome pamoja na milango miwili iliyopungua: mlango wa kadhi na mlango wa deni. Tuanze na tulivyonavyo mikononi. Kamati za misikiti yetu zina katiba na zina uchaguzi. Tujiulize: mwenyekiti akikataa kuondoka, nani ataamua? Kama jibu halipo, tulitafute leo tukiwa bado tunapatana.

Wallahu aalam.