Kijiji Kisichosikika: Lugha na Usawiri katika Filamu ya Honeyland

Wahakiki wengi wa filamu ya hali halisi iitwayo Honeyland (2019), iliyoongozwa na Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, wameisoma kama ngano ya mazingira. Kwa mujibu wa usomaji huu, Hatidže Muratova, mrina asali wa kijiji cha Bekirlija katika milima ya Makedonia Kaskazini, ni kielelezo cha kiasi: hurina nusu ya asali na kuwaachia nyuki nusu. Jirani mfugaji, ambaye huhamia hapo na watoto wengi, ni kielelezo cha tamaa. Akishinikizwa na mchuuzi, huuza asali kupita kiasi, na nyuki wake wenye njaa huwavamia wale wa Hatidže. Funzo hudhihirika, hadhira ikaridhika.

Makala haya yanadai kwamba usomaji huo, ingawa si potofu, unakipuuza kijiji chenyewe.

Kwanza, yafaa kuzingatia mazingira ya utunzi. Filamu ilianza kama mradi wa video fupi kuhusu uhifadhi katika eneo la mto Bregalnica. Upigaji picha ulichukua miaka 3 na kuzaa zaidi ya saa 400 za picha. Wahusika huzungumza lahaja ya Kituruki ambayo waongozaji hawakuielewa; kwa hivyo uhariri wa awali ulifuata picha, si maneno. Mbinu hii ndiyo chimbuko la uzuri wa filamu, kwani nyuso na mikono hubeba usimulizi. Aidha, ndiyo chimbuko la upungufu wake: mhusika anayetazamwa kabla ya kusikilizwa hugeuzwa nembo kwa urahisi.

Pili, mazungumzo yenyewe yanafichua mgogoro mwingine. Hatidže anamuuliza mamake, mkongwe asiyeweza kutoka kitandani, kuhusu wachumba waliowahi kuja kumposa. Anamwambia mtoto wa jirani kwamba mambo yangekuwa mengine lau angejaliwa mwana kama yeye. Hapa dhamira kuu si nyuki bali ukoo: binti aliyebaki kumuuguza mzazi mahali ambapo wengine wamehama. Magofu yanaonekana karibu katika kila mandhari ya kijiji, ila filamu haielezi ni nani waliokaa humo wala walikokwenda. Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1950 watu wengi wenye kuzungumza Kituruki walihama Makedonia, iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia, wakaenda Uturuki. Historia hiyo haitoshi peke yake kueleza ukiwa wa Bekirlija, lakini inamwezesha mtazamaji kuuliza swali ambalo ngano hailiulizi.

Mwaka 2020 Honeyland iliteuliwa kuwania tuzo 2 za Oscar, ya filamu ya hali halisi na ya filamu ya kimataifa, ikawa ya kwanza kuteuliwa katika vitengo vyote viwili. Iliiwakilisha Makedonia Kaskazini ilhali lugha inayotawala ndani yake ni ya wachache nchini humo. Kinaya hicho aghalabu hupita bila kutajwa, kwa kuwa hadhira husoma tafsiri chini ya picha pasipo kujua ni lugha gani inayotafsiriwa.

Uhakiki unaomfanya Hatidže kuwa mlinzi wa maumbile tu humnyima kile ambacho filamu, kupitia mapengo yake, imekiacha wazi: kuwa binti wa watu mahususi, wenye lugha mahususi, walioziacha nyumba zile.